Majibu yangu yanasema "HPV ya hatari kubwa: chanya" na "ASC-US". Nielewe nini?

Njiwa38

Habari zenu nyote. Nina umri wa miaka 38, nimeolewa kwa miaka 11 na nina watoto wawili. Wiki tatu zilizopita nilifanyiwa uchunguzi wa mlango wa kizazi, na jana nimekabidhiwa karatasi yenye mistari miwili ambayo tangu hapo nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupokea. Mstari wa kwanza unasema: "HPV ya hatari kubwa: chanya. Aina ya 16: hasi. Aina ya 18: hasi." Wa pili unasema: "Seli: ASC-US." Chini yake pameandikwa kwa mkono kwamba nirudi kwa kolposkopi baada ya wiki sita. Aliyenipa karatasi alikuwa na watu wengi wa kuhudumia, akaniambia tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa lakini nisijali, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Nayaandika maswali yangu jinsi yanavyonijia. Je, nina saratani, au niko njiani kuipata? Miaka mitano iliyopita nilipima na majibu yakawa safi, na tangu niolewe sijawahi kuwa na mwanamume mwingine. Sasa kirusi hiki kimetoka wapi? Mume wangu anauliza hilohilo, na namna anavyouliza inanikosesha usingizi zaidi ya karatasi yenyewe. Halafu hizo wiki sita: ikiwa jambo ni zito, kwa nini nisubiri, na ikiwa si zito, kwa nini niitwe? Rafiki yangu mmoja ananishauri niombe kizazi kitolewe chote mapema, mwingine ameniletea dawa ya mitishamba ya kuweka ukeni. Sitaki kupuuza, lakini pia sitaki kukurupuka.

Muuguzi wa Kolposkopi

Dada, pole kwa kupewa karatasi bila maelezo. Nimefanya kazi katika chumba cha kolposkopi, yaani uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa darubini, kwa miaka mingi, na wanawake wengi huingia humo wakiwa wameshajizika wenyewe kwa sababu ya neno moja au mawili waliyoyasoma. Kwa hiyo naomba nianze na maneno.

"Chanya" tumezoea kulisikia likisemwa kwa mambo mema, lakini maabara hulitumia kwa maana ya kwamba kilichotafutwa kimepatikana, basi. "Hatari kubwa" ndilo linalowaumiza wengi, kwa sababu mtu hudhani ni kipimo cha hatari aliyo nayo yeye, kumbe ni jina la kundi la virusi. HPV, yaani virusi vya papiloma vya binadamu, vina aina zaidi ya 200. Nyingi hazina habari na mlango wa kizazi. Aina ya 6 na ya 11 huleta chunjua za sehemu za siri na huitwa za hatari ndogo. Na kuna kundi la aina takriban 14 ambalo vipimo vingi hulitafuta kwa kuwa linahusishwa na saratani. Ndani ya kundi hilo nako hakuna usawa, kwa maana aina ya 16 na ya 18 peke yake ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Karatasi yako inasema hizo mbili hazikuonekana. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote katika mistari yako miwili, na ndiyo ambayo hakuna aliyekuambia.

Sasa ASC-US. Herufi hizi zinatokana na mfumo uliowekwa Bethesda, nchini Marekani, mwaka 1988, ili maabara zote zizungumze lugha moja. Maana yake ni kwamba aliyezitazama seli zako ameona baadhi yake hazifanani kabisa na za kawaida, lakini kasoro hiyo ni ndogo kiasi kwamba hawezi kusema inatokana na nini. Ndicho kidato cha chini kabisa cha ngazi. Juu yake kuna LSIL, yaani mabadiliko madogo yanayotambulika, ambayo mara nyingi ni alama tu ya maambukizi ya HPV yaliyopo wakati huo. Kisha kuna ASC-H, ambapo msomaji bado hana uhakika lakini anashuku mabadiliko makubwa, na HSIL, ambapo mabadiliko makubwa yanaonekana waziwazi. Kuna pia AGC, inayohusu seli za tezi zilizo ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi. Hiyo huonekana mara chache, ina utaratibu wake, na haichukuliwi kirahisi.

Zingatia kwamba yote niliyoyataja ni majibu ya uchunguzi wa awali, wala si utambuzi wa ugonjwa. Seli zilizokwanguliwa juu juu haziwezi kueleza kilichopo chini yake. Ugonjwa hutambuliwa kwa kinyama kidogo kinachokatwa wakati wa kolposkopi, na hapo ndipo utakaposikia herufi nyingine, yaani CIN, jina la mabadiliko ya ngozi ya mlango wa kizazi ambayo bado si saratani, ikiwa na namba 1, 2 au 3 kulingana na unene wa ngozi iliyobadilika. CIN1 kwa kawaida huachwa na kufuatiliwa, kwa sababu mara nyingi huondoka yenyewe. CIN2 nayo huondoka yenyewe kwa takriban nusu ya wanawake ndani ya miaka miwili, kwa hiyo uamuzi hutegemea umri wa mtu na kama bado anataka kuzaa. CIN3 hutibiwa.

Kwa majibu kama yako, makadirio yaliyopatikana Marekani kutokana na kumbukumbu za wanawake zaidi ya milioni moja yanaonyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye HPV pamoja na ASC-US, wanaokutwa na CIN3 au zaidi wakati huo ni 4 au 5 hivi. Na hata CIN3 bado si saratani. Hii ndiyo sababu unaitwa, na ndiyo sababu hukuitwa leo leo.

Kuhusu wiki sita: kwa mwanamke mwenye kinga ya mwili ya kawaida, safari ya kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20, na wengi hawafiki huko kabisa kwa sababu mwili hukidhibiti kirusi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Tunalijua hili kwa undani wa kusikitisha kutokana na kilichotokea New Zealand, ambako kuanzia miaka ya 1960 daktari mmoja aliamua kuwatazama tu wanawake wenye CIN3 bila kuwatibu ipasavyo na bila wao kuelewa wanachofanyiwa. Watafiti walipozirudia kumbukumbu hizo baadaye, waliona kwamba takriban asilimia 31 ya wanawake walioachwa hivyo walipata saratani ndani ya miaka 30, ilhali kwa waliotibiwa vizuri haikufika hata asilimia 1. Katika namba hizo, dada, utaona kwamba hata daraja la juu kabisa kabla ya saratani hupimwa kwa miaka. Wiki sita ni muda unaokubalika kwa majibu yako.

Jambo moja tu hubadilisha hesabu hii. Ukianza kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya hedhi mbili, au ukiwa na uchafu wenye harufu kali usiokoma, usiisubiri tarehe yako. Dalili huchunguzwa kama dalili, hata kwa mwanamke aliyepata majibu safi wiki iliyopita.

Kutoa kizazi kwa sababu ya ASC-US ni kubomoa nyumba kwa sababu taa imepepesa. Na dawa za kuweka ukeni, za aina yoyote, naomba uziache hadi uchunguzi uishe. Hakuna dawa ya kuua HPV, iwe ya hospitali au ya mitishamba. Tunachotibu sisi ni ngozi iliyobadilika. Nimewahi kumpokea mwanamke aliyejiweka unga wa mizizi kwa wiki mbili, na nilipofungua sikuona mlango wa kizazi, niliona jeraha la kuungua. Tulilazimika kusubiri lipone ndipo tuanze kazi aliyoitiwa.

Mtu wa Hadubini

Naomba niongeze machache kutoka upande wa pili wa karatasi, kwa kuwa mimi ni miongoni mwa wanaoziandika herufi hizo.

Tunapotazama kwa hadubini kioo chenye seli za mwanamke mmoja tuna maelfu ya seli mbele yetu, na kazi ni kuzipata chache zisizofanana na wenzake. Seli ya kawaida ya juu ni pana, nyembamba, ina kiini kidogo kilichotulia katikati. Seli iliyokaliwa na HPV ina sura yake: kiini kimekuwa kikubwa na cheusi, kingo zake zimekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa kiganjani, na pembeni yake pana duara jeupe kama lile linaloonekana siku nyingine kuuzunguka mwezi. Ukiiona seli ya namna hiyo unaandika LSIL bila kusita. ASC-US huandikwa pale kiini kimekua kidogo, duara lipo kama halipo, na ukimwita mwenzako atazame naye anakuna kichwa. Muwasho wa kawaida, maambukizi ya fangasi, hata ukavu wa uke baada ya hedhi kukoma, vyote vinaweza kuleta sura hiyo. Ndiyo maana peke yake haina uzito mkubwa, na ndiyo maana siku hizi hupimwa pamoja na HPV: kirusi kisipoonekana, wengi wenye ASC-US hurudi kwenye ratiba yao bila kolposkopi.

Sasa majibu yako "safi" ya miaka mitano iliyopita. Dada, ungeitafuta karatasi ile ukatazame ulipimwa nini. Ikiwa ilikuwa seli peke yake, yaani kipimo cha Pap kilichoitwa hivyo kwa jina la George Papanicolaou, basi hukuwahi kuambiwa kwamba huna HPV, uliambiwa kwamba seli zilizochukuliwa siku ile zilikuwa za kawaida. Hayo ni maswali mawili tofauti. Kipimo cha seli kikifanywa mara moja tu huweza kukosa mabadiliko yaliyopo, kwa sababu brashi haikugusa mahali penyewe au jicho la mtu lilichoka, na kwa miongo mingi udhaifu huo ulifidiwa kwa kukirudia kila baada ya miaka michache. Kipimo cha HPV hukosea kwa nadra zaidi upande huo, na ndiyo sababu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiwe ndicho cha kuanzia.

Neno la haraka kwa wengine watakaosoma hapa: majibu yakisema "sampuli haitoshi", hayo si majibu mabaya wala mazuri. Ni kwamba seli zilikuwa chache au zimefunikwa na damu. Rudieni kipimo baada ya miezi michache kama mtakavyoelekezwa, msiiweke karatasi kabatini.

Baba wa Nyumba

Naomba niulize kama mwanamume, na naomba nisieleweke vibaya. Mke wangu alipata majibu yanayofanana na haya mwaka jana. Kila mahali niliposoma niliona imeandikwa kwamba HPV huambukizwa kwa ngono. Tumeishi pamoja miaka minane. Mtu mwenye akili zake aelewe nini? Na mimi nipime wapi nijue kama ninacho?

Muuguzi wa Kolposkopi

Kaka, afadhali umeuliza hadharani kuliko kumuuliza mkeo kwa macho.

Ni kweli kwamba HPV hupita kwa mgusano wa ngozi ya sehemu za siri, na kwa njia hiyo watu wengi walioanza maisha ya ndoa au mapenzi huipata wakati fulani, mara nyingi mapema, bila dalili yoyote. Baada ya hapo kinga ya mwili hukishusha kirusi hadi kipimo kisikione. Kwa wengine huisha kabisa. Kwa wengine hubaki kidogo mno ndani ya ngozi, kimelala, kisha miaka 10 au 15 baadaye, kinga inapolegea kidogo kutokana na umri, ugonjwa au dawa fulani, huonekana tena. Mbele ya kipimo, kirusi cha wiki iliyopita na cha miaka 15 iliyopita vinafanana. Hakuna maabara duniani itakayokuambia kimeingia lini wala kwa nani, na mtu anayetumia karatasi hii kama ushahidi wa uzinzi anaiuliza swali isiloweza kulijibu. Huenda wewe ndiye uliyekileta, kutoka maisha yako ya kabla ya ndoa, pasipo kujua na pasipo kosa.

Wewe kupimwa haisaidii sana. Hakuna kipimo cha HPV cha kawaida kwa wanaume wasio na dalili, na hata kingekuwepo, majibu yake yasingebadilisha chochote katika matibabu ya mkeo. Ukiona chunjua au kidonda kisichopona, hapo nenda kapimwe. Kondomu hupunguza uwezekano wa kuambukizana ingawa haifuniki ngozi yote. Na kama unavuta sigara nyumbani, acha. Uvutaji ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wa maambukizi kugeuka kuwa ugonjwa kwa mwanamke anayevuta, na moshi wako anauvuta na yeye.

Mama wa Watatu

Njiwa, mdogo wangu, mimi niliipanda ngazi hiyo hadi karibu na juu, nami nataka nikueleze inavyokuwa, kwa sababu kabla ya kwenda kwangu hakuna aliyeniambia.

Niliambiwa siku ya kipimo kwamba kukiwa na tatizo nitapigiwa simu. Simu haikulia, nikajihesabu mzima. Baada ya miezi tisa nilikwenda pale kwa shida nyingine kabisa, muuguzi akafungua faili langu, akanyamaza, akaniuliza kama nilishatibiwa. Nitibiwe nini? Majibu yalikuwa HSIL, na yalikuwa yamekaa humo muda wote huo. Kwa bahati nilikutwa na CIN3 ambayo haikuwa imegeuka saratani. Tangu siku hiyo sipokei habari ya kwamba ukimya ni dalili njema. Naifuata karatasi yangu mwenyewe na nakala yake inakaa nyumbani.

Kolposkopi yenyewe ni uchunguzi wa macho kwa darubini inayokaa nje ya mwili. Unalala kama ulivyolala siku ya kipimo, wanaweka kile kifaa cha kufungulia, kisha wanapaka asidi ya asetiki, ambayo harufu yake utaitambua mara moja kwa sababu ni siki. Palipokuwa na kioo cha kutazamia, mimi niliomba nigeuziwe nione. Mlango wa kizazi ulikuwa wa waridi, unang'aa, na dakika moja hivi baada ya kupakwa upande mmoja ukaanza kugeuka mweupe polepole, kama kioo kinavyofifia ukikipumulia. Daktari akasema hapo ndipo. Akakata vinyama viwili vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nilihisi mbano mkali wa sekunde chache, mfano wa tumbo la hedhi linapokuja ghafla, likapita.

Matibabu yalikuwa siku nyingine, kwa kitanzi chembamba cha waya unaopitisha umeme. Sindano ya ganzi ilinitetemesha magoti na moyo ukaenda mbio, nikadhani nakufa. Kumbe ganzi ile huchanganywa na dawa inayofanya hivyo, na ndani ya dakika chache ilitulia. Ukataji wenyewe haukuchukua muda wa kumaliza mazungumzo niliyoanzishiwa ili nisahau. Harufu ya kuungua ipo, sitakudanganya. Wiki tatu zilizofuata nilitokwa na uchafu wa majimaji, mara mweusi kama masizi kutokana na dawa waliyopaka kuzuia damu, na nilikatazwa tendo la ndoa na kuweka chochote ukeni kwa wiki nne.

Ukifika huko, na huenda usifike, ulizia kingo. Maabara huangalia kama ukingo wa kinyama kilichokatwa umetoka mzima au bado una seli zilizobadilika. Wangu mmoja haukuwa mzima, na nilipoambiwa nililia, lakini kipimo cha HPV kilichofuata kilikuwa hasi na hadi leo ni hasi. Hata hivyo naendelea kuitwa, kwa sababu aliyewahi kutibiwa CIN3 hufuatiliwa kwa miaka mingi kuliko wengine. Mtoto wangu wa tatu nilimzaa baada ya tiba hiyo. Daktari alinieleza mapema kwamba kukata sehemu kubwa ya mlango wa kizazi huongeza kidogo uwezekano wa kuzaa kabla ya wakati, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutokubali kukatwa kwa jambo lisilohitaji kukatwa.

Salama Salimini

Naomba kuuliza kwa kifupi. Naishi na VVU, natumia dawa vizuri na kirusi hakionekani kwenye damu. Je, haya yote yananihusu kwa namna hiyohiyo?

Muuguzi wa Kolposkopi

Yanakuhusu, dada, ila saa yako inakwenda kwa kasi tofauti. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano wa kupata saratani hii takriban mara sita zaidi, na kwa mwenye kinga iliyoshuka na asiyetibiwa safari niliyoisema ya miaka 15 hadi 20 inaweza kufupika ikawa ya miaka 5 hadi 10. Kutumia dawa vizuri kunakusaidia sana, lakini hakukuondolei uchunguzi. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza muanze kupimwa mkiwa na miaka 25 na kurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5, ilhali wengine huanza wakiwa na miaka 30 na kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10. Na HPV ikionekana kwako, wakupe uchunguzi unaofuata bila kukuambia urudi mwakani uone kama imeondoka. Ratiba za nchi hutofautiana, kwa hiyo waulize wanaokuhudumia wanafuata ipi.

Njiwa38

Nimerudi kuwapa habari, kwa kuwa mlinishika mkono.

Nilikwenda kolposkopi juma lililopita nikiwa na maswali manne yaliyoandikwa: nimepimwa kwa aina gani ya kipimo, mpaka wa mabadiliko, yaani pale seli za nje zinapokutana na za ndani, unaonekana wote au umejificha ndani ya mfereji, kinyama kinapelekwa wapi na majibu nayafuata mimi au naletewa, na nini kitafuata kwa kila jibu linalowezekana. Daktari aliyasoma, akacheka kidogo, akayajibu yote. Mpaka ulionekana wote. Kulikuwa na doa moja jeupe, dogo, lenye kingo zisizokatika wazi, akachukua kinyama kimoja. Leo nimekwenda mwenyewe kuchukua majibu: CIN1. Hakuna matibabu, nirudie kipimo cha HPV baada ya miezi 12. Ile karatasi ya zamani nayo niliipata. Mtu wa Hadubini alikuwa sahihi, nilipimwa seli peke yake.

Mume wangu amesoma jibu alilopewa Baba wa Nyumba. Hakusema kitu usiku ule, ila asubuhi aliniuliza tarehe ya kolposkopi, akaomba ruhusa kazini tukaenda wote.

Limebaki moja. Nina binti wa miaka 10. Je, chanjo apewe sasa, na mimi nikichanjwa itaniondolea hiki nilicho nacho?

Muuguzi wa Kolposkopi

Nimefurahi, dada. CIN1 isikufanye ukose tarehe yako ya miezi 12, hata ukijisikia mzima, kwa sababu hutahisi chochote kwa hali yoyote.

Chanjo haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia wala haitibu CIN. Kazi yake ni kuzuia aina ambazo mwili bado haujakutana nazo. Kwa umri wako faida yake ni ndogo, ingawa unaweza kuzungumza na daktari wako. Kwa binti yako ni habari nyingine. Umri unaolengwa ni miaka 9 hadi 14, kabla hajakutana na kirusi, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba dozi moja inatosha kwa wasichana wa umri wake wasio na tatizo la kinga. Apewe sasa. Naye akiwa mkubwa atapimwa kama wewe, kwa kuwa chanjo haifuniki aina zote.